Tarehe 14 Februari na Kalenda ya Korosho: Jinsi Zawadi ya Mapenzi Inavyogeuka Mzigo

Mwanamume wa Tandahimba, mkoani Mtwara, anayemnunulia mkewe doti ya khanga mwezi Novemba, fedha za mnada wa korosho zikishaingia benki, hupokewa kwa furaha, na hakuna anayemuuliza kwa nini hakufanya hivyo Oktoba. Mwanamume huyohuyo akiipitisha tarehe 14 Februari mikono mitupu, atakuwa amesema neno zito pasipo kufungua kinywa. Mkewe atajiuliza kama amechokwa, mashoga zake watamsaidia kujiuliza, na yeye mwenyewe atajikuta anajitetea kwa kosa ambalo siku moja kabla halikuwapo. Mapenzi yao hayakupungua kati ya Novemba na Februari. Kilichotokea ni kwamba siku ile imepewa uwezo wa kuufanya ukimya uhesabiwe kuwa jibu.

Hapo ndipo pa kuanzia kwa mtu anayetaka kuelewa jinsi Siku ya Wapendanao, ambayo wengi wetu huku Kusini mwa Tanzania tunaiita Valentaini tu, ilivyowaelemea wachumba na wanandoa wa Mtwara na Lindi. Lawama tulizozoea kuzisikia, kwamba vijana wanaiga Wazungu au kwamba wanawake wamekuwa wapenda fedha, hazifiki mbali. Kuiga kungekuwa jambo jepesi kama kutoiga kusingekuwa na adhabu, na wapo wanawake wengi ambao wangefurahi siku hiyo iwapite salama, ila hawana namna ya kulisema hilo bila kuonekana wanajifariji.

Siku yenyewe haikuzaliwa na zawadi. Kanisa la kale la Roma lilimkumbuka tarehe 14 Februari shahidi aitwaye Valentino, na habari za kuaminika kumhusu zilikuwa chache kiasi kwamba mwaka 1969, Kanisa Katoliki lilipopanga upya kalenda yake ya jumla, kumbukumbu yake iliondolewa humo, kwa kuwa zaidi ya jina lake na kuzikwa kwake kando ya barabara ya Flaminia hakuna kilichojulikana kwa uhakika. Uhusiano na mapenzi ulikuja mwishoni mwa karne ya 14, pale mshairi Mwingereza Geoffrey Chaucer alipotunga beti kuhusu ndege wanaokusanyika siku ya Mtakatifu Valentino ili wachague wenza. Kwa karne kadhaa baada ya hapo Waingereza waliandikiana barua na mashairi, kazi ya mkono ambayo haikumhitaji muuza duka zaidi ya karatasi na wino.

Mambo yalibadilika katika karne ya 19, barua ilipokuwa rahisi kutuma na kiwanda kikaweza kuzalisha kwa wingi. Mwaka 1840 Uingereza ilianzisha nauli moja ya peni kwa barua za ndani ya nchi, na kadi za mapenzi zikamiminika posta. Huko Massachusetts, Marekani, Esther Howland, ambaye baba yake alikuwa na duka la vifaa vya kuandikia, alianza mwishoni mwa miaka ya 1840 kuuza kadi za nakshi zilizotengenezwa na wanawake waliogawana kazi, kila mmoja na hatua yake, mmoja akikata picha na mwingine akibandika. Katika miaka ya 1860 Richard Cadbury wa Uingereza akaleta chokoleti ndani ya boksi la umbo la moyo, na sababu yake inafaa kukumbukwa: kampuni ya familia yake ilikuwa imenunua mashine ya kukamua kakao, ikajikuta na mafuta ya kakao ya ziada, na mafuta hayo yalifaa kutengenezea chokoleti za kula. Zilihitaji mnunuzi, na mnunuzi alihitaji sababu ya kununua.

Japani ndiyo inayoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi, kwa kuwa huko hapakuwa na Valentino wala ndege wa Chaucer wa kusingizia. Watengeneza chokoleti waliieneza siku hiyo katika nusu ya pili ya karne ya 20, wakawafundisha wanawake kwamba wao ndio wanaopaswa kuwapa wanaume chokoleti, na ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1970 wenye viwanda vya peremende wakaanzisha siku ya pili, tarehe 14 Machi, ili wanaume nao warudishe. Desturi ikapanuka hadi ofisini, ambako mwanamke alitakiwa kuwagawia chokoleti ya wajibu mabosi na wafanyakazi wenzake wa kiume, wawe wanampendeza au hawampendezi. Mwaka 2018 Godiva, kampuni inayoishi kwa kuuza chokoleti, ililipia tangazo gazetini kuwaomba Wajapani waiache hiyo chokoleti ya wajibu. Muuzaji anapofikia hatua ya kumwonea huruma mteja hadharani, ujue mteja ameshachoka muda mrefu, na huenda muuzaji amehesabu kwamba uchovu huo nao unaweza kuuzika.

Kwetu Valentaini ilikolea kuanzia miaka ya 1990, baada ya sheria ya mwaka 1993 kufungua milango kwa redio na televisheni binafsi, ambazo ziliishi kwa matangazo na salamu za wasikilizaji. Simu za mkononi zikafuata, halafu mitandao ya kijamii. Bidhaa zenyewe zina njia yake. Waridi bichi hulimwa katika nyanda za Arusha na, kwa wingi mkubwa zaidi, kandokando ya Ziwa Naivasha nchini Kenya, ambako wakulima huipogoa miti wiki nyingi kabla ili ichanue kwa pamoja mwanzoni mwa Februari, na sehemu kubwa ya mavuno hupanda ndege kwenda Ulaya. Kutoka Arusha hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita elfu moja za lami na joto. Ua linalosafiri hivyo hufika limekwisha kuinamisha shingo, na likifika zima linakuwa ghali. Kwa sababu hiyo kinachouzwa sokoni Mtwara mjini, Masasi au Lindi ni maua ya plastiki, ya kitambaa na ya sabuni, yaliyotengenezwa China, yakashushwa Kariakoo, yakapakiwa kwenye buti la basi.

Lishike boksi moja ulitazame. Lina kifuniko cha nailoni angavu na utepe mwekundu uliobandikwa kwa gundi ya moto ambayo nyuzi zake bado zinaning'inia pembeni. Ndani kuna dubu mdogo wa manyoya, mshono wa mgongo wake ukionekana, chokoleti nne ambazo kwa joto la pwani zimelainika na kuganda tena hadi zikapata weupe juu, maua matatu ya sabuni yenye harufu kali yaliyoacha unyevu kwenye karatasi, na kadi yenye maneno ya Kiingereza ambayo aliyetoa hakuyatunga na aliyepokea hatayasoma mara ya pili. Sisemi haya kwa dharau, kwani binti anayeyafunga maboksi hayo ana mikono myepesi na jicho zuri la rangi. Nataka tuone tu kwamba kitu hiki kwa matumizi yake hakina thamani kubwa. Asubuhi ya tarehe 15 boksi hilohilo hushushwa bei au hurudishwa stoo likangoje msimu mwingine, ingawa dubu ni yuleyule na sabuni ni ileile, na hilo linatosha kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya bei ya jana ilikuwa bei ya tarehe.

Tarehe hiyo imekaa mahali pabaya kwa watu wa mikoa hii, na nadhani hapa ndipo makala nyingi za Dar es Salaam kuhusu Valentaini zinapotuacha. Fedha za Kusini hufuata msimu. Korosho huanza kuanguka kuelekea Oktoba. Mkulima huzianika, huzipeleka kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, zikapimwa, kisha mzigo huenda ghala kuu chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza msimu wa 2007/08, ukauzwa mnadani, na baada ya makato fedha huingia benki. Huingia kwa mafungu, mnada kwa mnada, hadi mwaka mpya. Zikiingia zina wenyewe: bati la nyumba iliyoanza miaka miwili iliyopita, deni la dukani, harusi ya mdogo wake mtu, na Januari ikifika ni sare, madaftari na nauli za wanafunzi wa bweni. Februari mvua inanyesha, watu wako shambani wanapalilia, mahindi mapya hayajakomaa, na mkorosho hautoi kitu. Mwalimu au muuguzi anayelipwa kwa mwezi hana nafuu kubwa, kwa sababu tarehe 14 mshahara wa Januari umeshazikwa na Januari yenyewe, na ujao bado una siku kumi hivi.

Msimu wa 2018/19 ulilionyesha hilo kwa ukali. Bei za mnadani zilipogomewa na wakulima, serikali ya Rais John Magufuli ilitangaza Novemba 2018 kwamba itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba mzigo, na uhakiki wa wakulima ukachukua muda mrefu kiasi kwamba wengi waliingia Februari 2019 wakiwa bado wanadai. Mtu anayedai fedha za jasho lake hawezi kumweleza mchumba kwamba mapenzi yako kwenye foleni ya uhakiki, ingawa huo ndio ulikuwa ukweli. Hata kwa bei ile ya 3,300, boksi la shilingi 33,000, tuseme, ni kilo kumi za korosho ghafi, ambazo kila moja iliokotwa chini ya mti kwa mgongo ulioinama na kutenganishwa na bibo lake kwa mkono.

Anayekosa fedha taslimu hutafuta pengine. Wapo wanaogusa mikopo ya simu, ambayo ni midogo na ya haraka na hukatwa mara tu salio linapoingia, hata kama salio hilo lilikuwa la dawa ya mtoto. Wapo wanaoingia kwenye ile mikopo ambayo mitaani imepewa jina la kausha damu, na jina hilo halihitaji maelezo. Na wapo wanaomfuata mtu wa kangomba, yaani mnunuzi wa korosho nje ya mnada, wakachukua fedha sasa kwa ahadi ya korosho za msimu ujao kwa bei ya kutupa, yaani mtu anaweka rehani mazao ambayo mikorosho yake haijatoa hata ua. Ni kweli kwamba wengi hufanya hivyo kwa ajili ya chakula au msiba, na zawadi ni sehemu ndogo tu ya madeni hayo, lakini deni la zawadi lina ubaya wake wa pekee: haliwezi kuelezwa nyumbani, kwa kuwa kulieleza ni kuiua zawadi.

Huenda mtu akasema kwamba mapenzi ya Kusini nayo yalikuwa na gharama tangu zamani, na ni kweli. Posa ina fedha yake, kuna kilemba na mkaja, kuna nguo za Iddi ambazo mume wa Kiislamu wa pwani akishindwa kuzitoa hujiona amepungukiwa. Miongoni mwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ambao kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama, mahari kwa desturi haikuwa kubwa kama ya jamii za wafugaji wa kaskazini, na mjomba alikuwa na sauti kubwa katika kuipanga. Tofauti ninayoiona iko kwa mashahidi. Zawadi ya uchumba ilipita mikononi mwa mshenga, ikapokelewa na wajomba na mashangazi, na waliopokea walikuwa wamejifunga: binti akipigwa, walikuwa na wajibu wa kumwita mume wakamuuliza, ndoa ikiyumba, walikalishwa kikao. Wao ndio waliojua pia uwezo wa muoaji, wakakubali apeleke kidogo sasa na kingine baada ya mavuno. Shahidi wa zawadi ya Februari ni watu mia mbili wanaotazama stetasi ya WhatsApp, wanaolinganisha boksi hili na la jirani, na ambao hawatamsaidia mtu yeyote kati ya wawili hao siku mambo yatakapoharibika.

Watazamaji hao ndio wanaopandisha bei. Zawadi ya faraghani inaweza kuwa papai lililoiva vizuri, na mpokeaji akaridhika kwa sababu anamjua aliyelileta. Zawadi itakayopigwa picha lazima ieleweke na watu wasiojua lolote kuhusu nyumba hiyo, na kitu pekee wanachoweza kukisoma kwa haraka ni bei. Ndiyo maana maboksi yote yanafanana. Ndiyo maana pia kuna vijana wanaojinunulia wenyewe maua wakayapiga picha, jambo ambalo watu hulicheka, ilhali ni njia ya kujikinga na swali la kesho yake chuoni au kazini.

Wataalamu wamelipima jambo hili kwa namna zao. Mwaka 1993 mwanauchumi wa Marekani Joel Waldfogel aliwauliza wanafunzi wake kuhusu zawadi za Krismasi, akakuta kwamba wapokeaji walizithamini chini ya gharama yake, kwa tofauti ya kuanzia sehemu moja ya kumi hadi theluthi moja. Kwa mtu mwenye ziada hiyo ni hasara ya kuchekesha; kwa mwenye kilo kumi za korosho si ya kuchekesha. Utafiti wa Francis Flynn na Gabrielle Adams, uliochapishwa mwaka 2009, unatugusa zaidi, kwani ulionyesha kwamba watoaji huamini zawadi ya bei kubwa itathaminiwa zaidi, wakati wapokeaji hawaonyeshi uhusiano huo kati ya bei na shukrani zao. Ikiwa ni hivyo, sehemu ya mateso ya mtoaji ni ya kujitakia, anapambana na matarajio ambayo mwenzake hana. Nakubaliana na matokeo hayo kwa zawadi inayobaki kati ya wawili, lakini sidhani kama yanahimili macho ya mtandao, kwa sababu hapo shukrani za mpokeaji si zake peke yake.

Liko jambo lingine ambalo mizaha ya Februari hulificha. Marcel Mauss, mwanaanthropolojia wa Ufaransa aliyeandika kuhusu zawadi katika miaka ya 1920, alieleza kwamba katika jamii nyingi alizozichunguza kuna wajibu wa kutoa, wajibu wa kupokea na wajibu wa kurudisha. Zawadi ikipita kwa wazee, kinachorudishwa hujulikana na kina mipaka. Zawadi ya boksi jekundu anayopewa msichana wa kidato cha tatu na mwendesha bodaboda au mwanamume mwenye umri wa baba yake haina mipaka hiyo, na kauli ya kwamba amekula fedha yangu imetumika mara nyingi mno kudai mwili wake. Wazazi wanaokazana kukemea siku yenyewe wangefanya kazi ya maana zaidi kama wangemwambia binti waziwazi kwamba hana deni kwa kitu alichopewa, hata akiwa alikipokea kwa furaha.

Wanaume nao hawako peke yao chini ya mzigo huu. Wanawake hununua saa, mashati na mikanda, mara nyingine kwa fedha ya mchezo wa upatu iliyotengwa kwa ajili ya mtaji wa maandazi, kwa kuogopa kuonekana wanajua kupokea tu. Waliokaa katika ndoa miaka mingi huathirika kidogo. Wanaobanwa hasa ni wachumba na wenye uhusiano ambao haujatambulishwa nyumbani, kwa kuwa hawana uthibitisho mwingine wa kushika, na siku hiyo inageuka mtihani wa kujua nani ni wa kweli na nani anazugwa. Mwenye wapenzi wawili, kwa njia, hupata taabu mara mbili, na sioni sababu ya kumwonea huruma.

Ingekuwa rahisi kumaliza kwa kumshutumu muuzaji, lakini muuzaji wa Mtwara si kampuni ya matangazo. Ni dada anayeoka keki nyumbani Chikongola, kijana wa bodaboda anayepeleka maboksi Shangani na Ligula, mpiga picha mwenye kamera ya mkopo, na mwenye banda aliyekopa ili ajaze mzigo ambao usipotoka kabla ya saa mbili usiku utamrudia mwenyewe. Fedha inayozunguka hapo inalisha watu katika mwezi mgumu. Madhehebu nayo yana misimamo yao: masheikh wengi huikataza siku hiyo, mapadri hutofautiana, na miaka ambayo Jumatano ya Majivu imeangukia tarehe hiyohiyo, kama 2018 na 2024, Mkatoliki aliyekuwa na mpango wa kumtoa mwenzake chakula cha jioni alijikuta yuko kwenye siku ya kufunga.

Kwa wawili wenyewe, kinachoweza kufanyika ni kidogo lakini kinafanya kazi, kwa sababu nguvu yote ya tarehe hii inatokana na kutozungumzwa. Ukimya ukipewa maana nyingine mapema, hauwezi tena kusomwa kama kuchokwa. Wako wanandoa ninaowafahamu, wakulima wa upande wa Newala, ambao walikubaliana kwamba zawadi zao hutolewa wiki ya malipo ya mnada wa pili, si wa kwanza, kwa kuwa wa kwanza ni wa madeni. Mume huleta khanga na mke humchagulia mume shati, na Februari hakuna anayemdai mwenzake. Makubaliano hayo hufanywa Septemba, wakati wa kufyeka chini ya mikorosho, kabla fedha haijaonekana na kabla tangazo la kwanza la maua halijasikika redioni. Wachumba wanaona aibu zaidi kulianzisha, na anayelianzisha huogopa kuitwa bahili, hivyo afadhali lisemwe na yule anayetarajiwa kupokea: kwamba mwaka huu nisiletewe boksi, tukusanye fedha hiyo tununue salfa ya kupulizia mikorosho Juni, na picha ya stetasi, kama inahitajika sana, tutapiga siku ya kuvuna.